Tulichojifunza kwa Majani Machungu: Mitishamba na Malaria Katika Sharika za Mwambao

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za afya za sharika pamoja na wageni wetu wafadhili, Kigoma. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe.)

Tunajua wajumbe wa vijiji vya kaskazini mmeingia mtumbwini kabla ya alfajiri na ziwa lilikuwa limechafuka. Kwa sababu hiyo hatutarefusha utangulizi.

Kamati tatu zimetuandikia zikitaka kujua kwa nini tulisimamisha uuzaji wa majani makavu ya artemisia kwenye sharika, wakati hakuna Jumapili inayopita bila mtu kusimama na kushuhudia kwamba alikunywa akapona. Nao wafadhili wameuliza kwa nini fedha za banda la kukaushia majani hazijatumika. Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu lake ni moja. Tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa kirefu, kwa sababu sehemu yake moja inatuhusu sisi wenyewe wa ofisi ya miradi na si jambo la kujivunia.

Bustani ya kwanza tuliipanda kwenye usharika mmoja wa mwambao kwa nia njema kabisa. Zahanati ilikuwa mbali, dawa mseto zilikuwa zikiisha mara kwa mara, na mbegu zilipatikana. Akina mama walianika majani kwenye vichanja vilevile vya dagaa, hata chai ya kwanza ikanuka dagaa, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuomba banda. Tulikuwa na daftari. Kila aliyechukua pakiti tuliandika jina lake, umri, tarehe, na baada ya wiki moja tukaandika neno moja: amepona, au hajapona. Daftari lilijaa "amepona". Tulitoa nakala za kurasa hizo tukaziweka kwenye ripoti ya mwaka, nanyi wafadhili mkazisoma.

Kisha msimu mmoja wa mvua mama mmoja alinunua pakiti kwenye meza yetu baada ya ibada. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na homa. Alimpa chai kama tulivyomwelekeza, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili mtoto alipata nafuu, akacheza. Siku ya nne homa ilirudi, usiku wake akapata degedege, na asubuhi walipompakia mtumbwini kuelekea hospitali hakufika. Mama huyo ametuambia tulieleze jambo hili kila tunaposimama mbele ya kamati, bila kumtaja jina. Hakutulaumu. Lakini pakiti ile ilitoka mikononi mwetu, na maelekezo yalikuwa yetu.

Baada ya msiba ule muuguzi mmoja aliye mjumbe wa kamati alitupa ushauri rahisi ambao tulipaswa kuufikiria tangu mwanzo. Kwa mwezi mzima alikaa kwenye ile meza na vipimo vya haraka vya malaria, vile vya kutoboa kidole, na kila aliyekuja kuchukua chai alipimwa kwanza. Wengi hawakuwa na vimelea vya malaria hata kidogo. Walikuwa na mafua, wengine walionekana kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, wengine uchovu wa kuvua usiku kucha. Hao wangepona hata kwa maji ya moto. Nao watu wazima waliokutwa na vimelea, wengi ni watu walioumwa na mbu wa mwambao huu tangu utotoni. Miili yao imejifunza kupambana, na homa yao hushuka kwa siku chache hata vimelea vikibaki. Mtoto wa miaka mitatu hana kinga hiyo. Kwa hiyo daftari letu lilikuwa linapima homa, halikuwa linapima malaria, na kwa mtu ambaye ilikuwa muhimu kuliko wote halikutuambia kitu.

Na mkoa wetu si mahali pa kubahatisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 24 ya watoto wa Kigoma walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa kama asilimia 7. Hakuna mkoa uliotuzidi mwaka huo.

Basi, je, tunasema mitishamba ni uongo? Hapana. Tungesema hivyo, historia ya Ujiji ingetusuta.

Kidonge cha Ujiji

Wengi wetu tumewapeleka wageni kwenye mnara wa Ujiji, penye miembe, tukawasimulia jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Sehemu ambayo huwa hatuisimulii ni ya sanduku la dawa. Livingstone alikuwa daktari, na kwenye safari za Zambezi alikuwa ametengeneza kidonge chake mwenyewe kwa ajili ya homa, kwinini iliyochanganywa na dawa za kuendesha. Januari 1867 wapagazi waliotoroka waliondoka na sanduku lake la dawa. Miaka miwili aliyotembea baada ya hapo ilimvunja mwili, na alipofika Ujiji Machi 1869 alikuwa mgonjwa mahututi, akakuta pia kwamba sehemu kubwa ya mizigo aliyotumiwa ilikwisha kuporwa. Mtu aliyeijua dawa, aliyekuwa na dawa, akaikosa.

Kwinini hiyo ilitoka kwenye gome la mti. Mti wenyewe, mkwinini, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kutoka gomeni kile kitu kichungu chenyewe kinachofanya kazi. Vitu vya namna hiyo huitwa alkaloidi. Msiogope neno. Alkaloidi ni kemikali ambayo mmea huitengeneza, yenye naitrojeni ndani yake, mara nyingi chungu, na kiasi kidogo sana chake huutikisa mwili wa mnyama au mtu. Wakulima wa Kalinzi mnaoijua kahawa, kinachowafanya wanywaji wasilale ni alkaloidi, kafeini. Ya tumbaku ni nikotini. Ya afyuni ni mofini, ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa saratani kwa maumivu. Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Huzitengeneza ili usiliwe na wadudu na wanyama, kwa hiyo kila alkaloidi ni sumu ya mtu fulani. Kazi ya mtafiti ni kuhakikisha huyo mtu fulani ni kimelea wala si mgonjwa.

Kwinini inavyofanya kazi, kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoelewa, ni hivi. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula ule wekundu wenyewe. Mlo huo unaacha taka yenye sumu, nacho kimelea huigeuza taka kuwa fuwele ngumu isiyomdhuru. Kwinini inazuia kugeuza huko. Ni kama kuziba bomba la moshi la nyumba ya mtu aliyewasha jiko ndani.

Tanzania imewahi kuitegemea dawa hiyo kutoka kwenye miti iliyopandwa hapa hapa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na miongoni mwa mimea waliyoijaribu ulikuwemo mkwinini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata njia ya bahari, gome la Amani liligeuzwa vidonge vya askari. Wabelgiji walipoingia Kigoma mwaka 1916 na jeshi la Wajerumani likawa linarudi nyuma kuelekea kusini, askari walinywa gome lililochemshwa tu, kinywaji kichungu walichokitania kwa jina la kamanda wao, Lettow. Na juu ya ziwa letu, kule Bukavu, ambako maji ya Kivu yanashuka kwa mto Ruzizi hadi kwetu, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kutokana na mikwinini ya Kivu kwa miongo mingi. Wazee wengi waliomo humu walichomwa sindano za kwinini na wanakumbuka masikio yalivyovuma.

Lakini hata mti huu wa kweli ulidai adabu. Wazungu waliokuwa wakimeza kwinini ovyo, leo kidogo, wiki ijayo nyingi, ndio hasa waliopatwa na homa ya mkojo mweusi, chembe nyekundu zikipasuka na mkojo kuwa rangi ya kahawa. Robert Koch aliichunguza alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1898 akaihusisha na kwinini. Ugonjwa huo ulififia kwinini ilipoacha kumezwa kila siku. Tena gome la mkwinini mmoja si sawa na la mwingine: aina moja ina kwinini nyingi, nyingine karibu haina. Anayechemsha gome hajui amekunywa kiasi gani. Hilo ndilo lililofanya kazi ya Pelletier na Caventou iwe kubwa, kwamba tangu siku ile kwinini iliweza kupimwa kwenye mizani.

Mjonso wa Mahale

Sasa turudi mwambao wetu, upande wa kusini. Mwaka 1987 katika milima ya Mahale mtafiti Michael Huffman alikuwa akifuatilia sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyelelewa katika ujuzi wa dawa za kwao. Walimwona sokwe jike mgonjwa, aliyelegea, akivunja tawi la mti ambao sokwe hawauli kama chakula, akimenya ganda na kutafuna kiini chake kichungu na kunyonya maji yake. Siku iliyofuata alikuwa ametulia na kula kama kawaida. Huffman hakujua maana ya mti ule. Kalunde aliujua: ni mjonso, ambao Watongwe huutumia kwa tumbo na homa, malaria ikiwemo. Majirani zetu wa Burundi huuita umubirizi, na wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1989, na tangu hapo wanasayansi wa nchi nyingi wameufanyia mti huo kazi. Tunapenda wageni wetu wajue kwamba kisa hicho maarufu duniani kilianzia kwenye kichwa cha mtu wa mkoa huu.

Mjonso ulipopelekwa maabara, vitu vyake vichungu vilikutwa si alkaloidi bali jamii nyingine za kemikali, na kimoja kati ya vile vilivyomo kwenye majani kina sumu ya kutosha. Sokwe, mtaona, alitupa majani na ganda akala kiini. Baadhi ya vitu hivyo vilidhuru vimelea vya malaria ndani ya chupa. Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu. Katika nchi jirani ya Uganda chai ya majani ya mti huo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria isiyo kali, chini ya uangalizi wa karibu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kufikia siku ya 14, kama theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na nafuu. Lakini kati ya hao wenye nafuu, theluthi moja tu ndio ambao damu yao ilikuwa imesafika, na katika hao waliosafika wengi vimelea vilirudi.

Tafadhali yaangalieni matokeo hayo vizuri. Theluthi mbili wana nafuu! Kwenye daftari letu wote hao wangeandikwa "amepona". Watafiti waliotumia darubini waliona kitu tofauti kabisa.

Mti unavyopimwa

Mjumbe mmoja alituuliza juzi kwa nini wasomi huchukua miaka mingi kupima mzizi ambao bibi yake aliupima maisha yake yote. Tutajaribu kumjibu, bila kuingia mno kwenye kemia.

Kwanza jina. Vijiji viwili vya tarafa moja vinaweza kutumia jina moja kwa miti miwili, na tumelishuhudia hilo wenyewe. Kwa hiyo tawi lenye majani, na ua au tunda likipatikana, hukaushwa likiwa limebanwa kwenye karatasi, na mtaalamu wa mimea hulilinganisha na yaliyohifadhiwa. Kisha sehemu inayotumika husagwa na kuchujwa, kwa maji kama afanyavyo mganga, na kwa spiriti, maana alkaloidi nyingine hazitoki vizuri kwenye maji matupu. Mchujo hutiwa kwenye damu ya binadamu yenye vimelea vinavyofugwa maabara. Ufugaji huo uliwezekana tangu mwaka 1976 tu.

Hapo miti mingi hufaulu. Mwaka 1994 kundi lililokuwa na Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Uswisi lilichapisha matokeo ya mimea 43 ya Tanzania iliyochaguliwa kwa maelezo ya waganga, na kadhaa iliua vimelea kwa nguvu, tena vimelea vilivyokuwa sugu kwa dawa za wakati huo. Waganga hawakuwa wakiota ndoto.

Lakini chupa si mwili. Jiki nayo inaua vimelea kwenye chupa. Hivyo mchujo uleule hutiwa kwenye chembe za kawaida za mtu kuona kama nazo zinakufa, na hapa ndipo alkaloidi nyingi huanguka. Wapokoti wa Kenya hutumia mizizi ya mmea mmoja wa kutambaa wenye miiba, Toddalia asiatica, kwa homa. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kwamba nguvu yake inatokana na alkaloidi iitwayo nitidini, yenye ukali mkubwa hata kwa vimelea vilivyokwisha kuishinda klorokwini. Ilikuwa habari njema. Lakini nitidini inadhuru pia chembe za mwili, na ndiyo maana iliwahi kuchunguzwa kama dawa ya saratani. Mjafari wetu ni wa ukoo huohuo, ukoo wa limau, na una alkaloidi za jamii hiyohiyo. Wachina nao walikuwa na mzizi wenye alkaloidi ya febrifujini. Wamarekani waliijaribu miaka ya 1940, ikapambana na malaria kweli, lakini ilitapisha mno na haikuwezekana kuwa dawa ya watu.

Kinachopita hapo hupewa panya wenye malaria ya panya, na tunaongeza kwa faida ya wenzetu wa kutoka ng'ambo ya ziwa kwamba kimelea hicho kinachotumika duniani kote kilipatikana Katanga mwaka 1948. Panya wakipona, na wasipodhurika, ndipo inafikiriwa kuwajaribu watu wazima wachache, kwa ridhaa yao na kwa kibali.

Kuna waliojaribu njia ya mkato yenye busara. Desemba 1999 watafiti wa mitishamba ya malaria walikutana Moshi na kuunda mtandao wao. Baadhi yao nchini Mali walianza na wagonjwa waliokwisha kupona badala ya kuanza na chupa: waliwauliza wazazi wengi walitumia nini na mtoto alikuwaje baadaye, kisha wakauchukua mmea uliokuwa na matokeo bora. Ulikuwa ni Argemone mexicana, gugu lenye miiba na ua la njano linaloota hata kando ya barabara zetu, nalo lina alkaloidi kadhaa. Mwaka 2010 walichapisha jaribio la wagonjwa 301, wengine wakipewa maji ya mmea huo yaliyochemshwa, wengine dawa mseto. Waliokunywa mmea, asilimia 89 hawakuhitaji dawa nyingine. Wa dawa mseto, asilimia 95. Ni matokeo ya heshima. Lakini wagonjwa hao walikuwa na daktari karibu, na dawa ya pili ilikuwa tayari kwa atakayezidiwa. Meza yetu ya baada ya ibada haikuwa na kitu hicho. Tena mbegu za gugu hilohilo zina sumu inayovimbisha mwili, kwa hiyo tunaomba sana mtu asitoke hapa akaenda kulichuma.

Kuhusu artemisia yenyewe

Artemisia ndiyo iliyotuleta hapa, ingawa kwa haki dawa iliyomo ndani yake, artemisinini, si alkaloidi. Iligunduliwa China na Tu Youyou na wenzake. Alisoma kwenye kitabu cha kale kwamba mmea uloweke kwenye maji baridi, akatambua kuwa moto ulikuwa ukiiharibu dawa, na mwaka 1971 akapata mchujo ulioua vimelea vyote kwa wanyama wa majaribio. Yeye na wenzake waliunywa kwanza wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi tulikuwa tunawaelekeza watu wachemshe.

Dawa mseto tuliyonayo tangu mwishoni mwa mwaka 2006 ina kiini hicho kilichorekebishwa na kupimwa, pamoja na mwenzake lumefantrini. Kimoja hushusha vimelea haraka kisha huondoka mwilini kwa saa chache. Kingine hukaa siku kadhaa kumalizia waliobaki. Chai ina yule wa kwanza peke yake, kwa kiasi kinachobadilika kutoka bustani hadi bustani. Ndiyo maana mtoto yule alicheza siku ya pili. Shirika la Afya Duniani limekataa kuunga mkono matumizi ya chai na majani makavu, na lilirudia msimamo huo mwaka 2019. Wengi wenu mlitumiwa makala ya jaribio la Maniema, Kongo, iliyosema chai inaishinda dawa mseto. Sisi pia tuliigawa. Makala hiyo baadaye iliondolewa na jarida lililoichapisha.

Lipo na jambo la jirani. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea. Dalili za vimelea kuanza kuvumilia artemisinini zilitangazwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na mwaka 2024 watafiti wa NIMR na washirika wao walionyesha hali hiyo Kagera, upande wa Karagwe. Dawa mseto bado inaponya huko, lakini vimelea vinachelewa kutoka. Kati ya Karagwe na sisi ni Kibondo na Kakonko, na watu, mabasi na mbu havina mpaka. Kuzoesha vimelea dozi ndogo za dawa hiyohiyo, peke yake, mwambao mzima, ni kazi ambayo Kanisa halipaswi kuifanya kwa fedha za sadaka.

Tunayoyaomba

Kamati zisiuze wala kugawa majani, hata kwa jina la chai ya afya. Homa ya mtoto ipimwe damu siku hiyohiyo. Wale wanaovua na vipe usiku wamwachie mtu nyumbani ruhusa na nauli, kwa maana mara nyingi mama husubiri mume arudi nchi kavu. Dawa mseto iliwe dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Dagaa wa kukaanga wanatosha.

Kwa wafadhili: tunaomba kibali cha kuhamisha fedha za banda zinunue vipimo vya haraka, na boti ya kuwahisha wagonjwa kwa vijiji visivyo na barabara. Tunajua banda lingepigwa picha nzuri zaidi.

Na kwa waganga na wazee wenye ujuzi, hatujawafungia mlango. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewapa baraza na njia ya kusajiliwa, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974. Tumeanza daftari jipya. Humo tunaandika mti, mahali, sehemu inayotumika, unavyoandaliwa, na jina la mwenye ujuzi likiwa la kwanza kwenye ukurasa, pamoja na sharti lake. Asiyetaka kuandikwa haandikwi.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kitongwe aliyetusikiliza semina nzima iliyopita akiwa amefumba macho, tukadhani amelala. Mwishoni alisimama akasema, "Wanangu, mnasema dawa yangu haijapimwa. Mimi sijawahi kukataa ipimwe. Hakuna aliyeniomba." Wiki iliyofuata alileta gome limefungwa kwenye gazeti, na tawi lenye maua, bila kuelekezwa. Sharti lake ni kwamba aletewe majibu hata kama ni mabaya, tena asomewe yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Kifurushi kinaondoka na treni ya wiki hii kwenda Dar es Salaam. Anayesafiri naye yuko hapa ukumbini, na bado anahitaji nauli ya kurudi.